Kipimo Salama cha Mionzi kwa Saratani Changa ya Mapafu

Mionzi iuayo seli za saratani huweza pia kudhuru seli nzima zilizo jirani. Basi, kipimo salama hupatikanaje? Mionzi hupimwa kwa grei. Grei 1 ni jouli 1 ya nishati inayofyonzwa na kilo 1 ya tishu.

Katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wagonjwa wasioweza kupasuliwa walitibiwa kwa vipindi 3. Kundi la kwanza lilipewa jumla ya grei 24. Usalama ulipothibitika, kundi lililofuata liliongezewa, hata ripoti ya 2003 ikafikia grei 60.

Mwaka 2006 ilibainika kuwa mahali pa uvimbe pana uzito wake. Baada ya miaka 2, asilimia 83 ya wenye uvimbe wa pembeni walikuwa wameepuka madhara makubwa. Waliokuwa na uvimbe karibu na mirija mikuu ya hewa, asilimia 54 tu. Kwa hiyo hao hugawiwa vipindi vingi zaidi vyenye kipimo kidogo, ili tishu nzima zipate kujitengeneza.

Swali: Grei 20 mara 3 na grei 12 mara 5 zina jumla moja. Kwa nini athari zake hazilingani?