Kuganda kwa Damu na Saratani ya Tezi Dume



Katika ziara zetu za Nachingwea na Ruangwa tumekutana na wazee wenye saratani ya tezi dume. Mmoja alivimba mguu wa kushoto peke yake. Nyumbani walisema amekanyaga kitu alichotegewa njiani, wakamchua kwa mafuta. Hospitali ilionekana damu imeganda katika mshipa wa ndani wa mguu. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kuganda kwa damu ni kazi njema. Mtu akijikata na panga shambani, chembe sahani hukimbilia kwenye jeraha na kushikamana, kisha nyuzi za fibrini hulifunga kama wavu. Shida ni kwamba seli za saratani nazo huamsha kazi hiyo mahali pasipo jeraha. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alilieleza jambo hili mwaka 1865. Alifariki mwaka 1867 kwa saratani ya tumbo, naye akiwa ameiona dalili hiyo mwilini mwake.

Seli zinazotoka kwenye tezi dume na kuingia katika damu nyingi hufa njiani, maana huwindwa na askari wa mwili. Lakini zile zinazovikwa chembe sahani kama koti hazitambuliki kwa urahisi, tena husaidiwa kunata kwenye kuta za mishipa. Kituo chao kikubwa ni mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Mengi ya haya yameonekana maabara na kwa wanyama. Kwa hiyo mzee asijinunulie aspirini dukani akidhani atazuia saratani. Anaweza kutokwa damu tumboni.

Sasa fikirini safari ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Kukaa kutwa nzima kwenye basi huongeza hatari ya damu kuganda, na wazee wetu hawanywi maji kwa kuogopa kusumbuka na haja ndogo. Tunaomba kamati zinapochangia nauli zimkumbuke na msindikizaji, ambaye atazungumza na kondakta mapema, atamnywesha mgonjwa maji na kumtembeza kila basi linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usichuliwe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa pumzi au kifua ghafla, huenda bonge limefika kwenye mapafu. Hapo ni saa ile ile, hata kama ni usiku.