Jicho la Pili Kazini: Kijitabu cha Elimu kwa Umma kuhusu Makocha na Walezi wa Taaluma

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mhitimu anayeanza kazi, fundi anayetaka kupanda daraja, mfanyakazi wa miaka mingi anayehisi amesimama mahali pamoja, na mwajiri wao wote. Cheti kinathibitisha kwamba umefaulu mitihani. Kazi yenyewe hujifunzwa kazini, na hujifunzwa upesi zaidi pale mtu anayeijua anapokaa karibu nawe, akakuangalia ukiifanya, kisha akakwambia alichokiona.

1. Kwa nini miaka peke yake haitoshi

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi akirudia kosa lilelile, kwa sababu halimuumi na hakuna aliyemwonyesha.

Mwaka 2011 Atul Gawande, daktari bingwa wa upasuaji mjini Boston, Marekani, alieleza katika jarida la The New Yorker jinsi alivyomwomba mwalimu wake wa zamani, Robert Osteen, aingie chumba cha upasuaji amtazame akifanya kazi. Osteen alikuwa daktari wa upasuaji aliyekwisha kustaafu. Gawande alikuwa na miaka minane ya ubingwa na aliona hasongi mbele tena. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini mzee alitoka na mengi ya kusema: kiwiko kilikuwa kikiinuka mno, hivyo mkono ukakosa utulivu, na taa ilikuwa imehama, haimuliki jeraha sawasawa, wala mpasuaji hakulitambua hilo. Mambo madogo, lakini mwenye kazi asingeyaona peke yake.

Wala si lazima kocha awe hodari kuliko wewe katika kuitenda kazi. Brother Colm O'Connell, mmisionari kutoka Ireland, alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha. Alikaa pembeni mwa uwanja akaangalia vijana wakikimbia, akauliza, akajifunza, akarekebisha. Mmoja wa aliowafundisha ni David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

2. Kocha na mlezi: kazi mbili tofauti

*Kocha* hushughulikia ustadi mmoja kwa muda maalumu: namna ya kufundisha hesabu za sehemu, kuendesha kikao, kuchomelea bila kuacha matundu. Hukutazama ukitenda, hukupa zoezi, hukutazama tena.

*Mlezi wa taaluma* huangalia safari yako nzima. Hukusaidia kuamua uende kusoma au ubaki kazini kwanza, hukueleza desturi za taaluma ambazo hazimo vitabuni, hukutambulisha kwa watu, na hukwambia ukweli unapopotoka.

Mtu mmoja anaweza kuzibeba kazi zote mbili, ila wewe ujue unahitaji ipi. Anayekwama kwenye usuluhishi wa hesabu za benki anahitaji kocha wa wiki chache. Anayejiuliza kama uhasibu ndio wito wake anahitaji mlezi.

3. Taaluma zetu zinafanyaje

Nchini Tanzania utaratibu huu upo tayari katika fani kadhaa. Daktari aliyehitimu hufanya kwanza utarajali wa mwaka mmoja chini ya usimamizi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi huendesha tangu mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo unaompa mhandisi mhitimu miaka mitatu kazini chini ya wahandisi wazoefu, kumwandaa kwa usajili. Walimu wana MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo hukutana shuleni katika jumuiya za kujifunza na kujadili mada zinazowasumbua darasani.

Gereji na vyumba vya cherehani vimekuwa vikifanya hivyo siku zote: mwanagenzi huanza kwa kushika vifaa na kuangalia, kisha hupewa kazi ndogo, kisha kazi nzima. Aliyejifunza kwa njia hiyo anaweza kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akapimwa ujuzi wake na kutunukiwa cheti. Ulezi wa fundi wake ndio uliomfikisha hapo.

4. Namna ya kumwomba mtu

Wengi hushindwa kwa sababu huomba jambo kubwa lisilo na umbo. Ukimwambia mtu mwenye shughuli nyingi, "Naomba uwe mlezi wangu," hajui anaombwa nini. Omba kitu kidogo kinachoeleweka:

"Shikamoo mama. Niliiona taarifa uliyoiandaa mwezi uliopita, ikanifundisha mengi. Mimi nakwama kwenye kuchambua takwimu. Naomba nusu saa siku ya Ijumaa nikuonyeshe ninavyofanya, unisahihishe."

Akikubali:

- Fika kwa wakati, na uje na kazi yako halisi, hata kama ina kasoro.
- Uliza swali moja au mawili uliyoyafikiria.
- Akikukosoa, andika kwanza. Usikimbilie kujitetea.
- Kabla ya kuagana, taja jambo moja utakalolibadilisha.
- Baada ya wiki mbili mpe mrejesho: nilifanya hivi, ikawa hivi.

Mrejesho huo ndio unaomfanya mzoefu akukaribishe tena, kwa kuwa ameona muda wake umezaa kitu.

5. Kwa wewe uliye mzoefu

Angalia kabla ya kusema. Taja ulichokiona, usiitaje tabia ya mtu: "Ulijibu swali la mteja kabla hajamaliza" humfaa kuliko "Una haraka." Chagua mambo mawili tu kwa siku, ukimpa kumi hataondoka na hata moja. Muulize yeye anaonaje kabla ya kumpa jibu. Mwache afanye mwenyewe, hata ikichukua muda mrefu, alimradi hakuna atakayedhurika. Wapo wanaoficha ujuzi wakihofia kupokonywa nafasi. Kazi inayojulikana na mtu mmoja hukwama siku anapougua, na hapo taasisi nzima huumia.

6. Mipaka isiyovukwa

Ulezi ni amana. Mlezi hamtumi kijana kazi za nyumbani kwake, hamkopi fedha, wala hajipatii sifa kwa kazi ya kijana huyo. Kukutana kuwe ofisini au mahali pa wazi, saa zinazojulikana.

Anayedai ngono ili akupe mafunzo, alama, ajira au kupandishwa cheo anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Si kosa lako wewe unayeombwa. Tunza ujumbe na ushahidi mwingine, mweleze mtu unayemwamini, na toa taarifa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba ya bure 113.

7. Kwa mwajiri

Mpangie kila mfanyakazi mpya mtu wa kumwangalia, na umtangaze wazi. Mpunguzie mlezi majukumu mengine, kwani ulezi unaofanywa kwa muda wa wizi haudumu. Mlezi asiwe yuleyule anayepima utendaji wa kijana, ili kijana aweze kusema "hili sijui" bila hofu. Na katika kupandisha vyeo, hesabu pia watu ambao mwombaji amewainua.

8. Anza wiki hii

Andika ustadi mmoja unaokusumbua. Andika jina la mtu aliye karibu anayeuweza. Mwombe nusu saa. Na wewe uliyefundishwa na wengine hadi ukafika ulipo, mtafute kijana mmoja kazini kwako umwambie: "Njoo Ijumaa, nikuangalie unavyofanya." Deni la kufundishwa hulipwa kwa kufundisha.