Shajara ya Mwalimu Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi



Nilipokuwa mdogo Mocímboa da Praia nilisoma chuoni na kijana mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Tulianza Safina siku moja, na bakora tulizipata kwa makosa yale yale. Tulipokua, akaanza kusema kwamba mwalimu wetu hajui dini, maulidi yake ni upotofu, na swala nyuma yake haifai. Nikamuuliza: wewe umesoma kwa nani? Akanionyesha simu yake. "Nimesikiliza," akasema. Oktoba 5, 2017 mji wetu ulishambuliwa. Tangu hapo sijamwona, wala sijui aliishia upande gani.

Jawabu lake lilinirudia mwaka huu nilipokuwa nikisoma habari za Sheikh Abdallah bin Muhammad Ba Kathir, Allah amrehemu. Alizaliwa Lamu mwaka 1860 hivi. Akasoma kwao, akafika Makka kutafuta elimu, kisha akahamia Unguja na kuwa mwalimu anayefuatwa na watu. Mwaka 1897, sawa na 1314 Hijria, alifunga safari kwenda Hadhramaut. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye wanafunzi wake mwenyewe. Akaenda kukaa chini tena.

Safari ile aliiandika kwa Kiarabu katika kitabu kiitwacho Rihlatul Ashwaqil Qawiyya, yaani safari ya shauku kubwa. Sisi leo tungesema ni shajara ya mwanafunzi, lakini usitarajie malalamiko ya chakula cha bweni! Rihla katika desturi ya wanavyuoni hueleza mambo mengine: nimefika mji fulani, nimekutana na fulani bin fulani, nimehudhuria darsa lake, kitabu kilichosomwa ni hiki, ameniombea dua hii, amenipa ijaza. Huko alipita Seiyun, alikokuwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyejenga ribat kwa ajili ya wanafunzi. Akafika Tarim pia, ambako ribat nyingine ilikuwa na miaka kama kumi tu tangu kuanzishwa. Ribat ni chuo na bweni kwa pamoja, na mwanafunzi anayetoka mbali hupata pa kulala karibu na mwalimu wake.

Niwaeleze kidogo kuhusu ijaza, maana wengi wetu tunalisikia neno tu. Mwalimu humpa mwanafunzi ruhusa ya kufundisha au kupokea kitabu fulani, na pamoja na ruhusa hiyo huja majina: mimi nilisoma kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka jina la mtunzi. Hiyo ndiyo sanad. Cheti tutakachopewa hapa chuo kikuu kitakuwa na jina la taasisi na mhuri wa msajili. Profesa aliyekufundisha takwimu hamo hayumo. Ijaza ni kinyume chake: ina watu tupu. Ukitaka kujua kama ni ya kweli, wafuate watu wale mmoja mmoja.

Lililonishika zaidi ni habari ya mwalimu wake. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi wa Unguja, alizaliwa Itsandraa, Ngazidja, mwaka 1861. Ngazidja ni ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Hesabuni wenyewe: mwalimu ni mdogo kuliko mwanafunzi! Baba yake bin Sumayt alitoka Shibam ya Hadhramaut, kwa hiyo Ba Kathir alipokwenda kule alikuwa akiifuata elimu ya mwalimu wake kwenye chemchemi yake. Sijasoma popote kwamba umri ulimsumbua.

Wapo kati yetu watakaosema kwamba rihla ile imejaa ziara za makaburi na kuwatukuza Masharifu, na kwamba mambo hayo yana mjadala. Ni kweli yana mjadala. Lakini tumtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kukemea bidaa kwa kalamu kali. Yeye naye alisoma kwa bin Sumayt. Aliyakataa baadhi ya mambo aliyoyakuta kwa wazee, na bado walimu wake waliendelea kuwa walimu wake. Kwa hiyo kupinga si tatizo, na mimi mwenyewe sikubaliani na kila kilichokuwa kikifanyika chuoni kwetu. Rafiki yangu hakuwa na mtu wa kumrudisha akikosea. Sauti ya kwenye simu haimjui, haikumlea, haitamuuliza jana ulikuwa wapi.

Na sisi wa pwani ya Cabo Delgado hatuko mbali na mnyororo huu. Safina tunayoanza nayo utotoni imetungwa na Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefariki Batavia mwaka 1855. Mtoto wa Kimwani anayehesabu nguzo za udhu Mocímboa au Palma anasoma maneno ya mtu huyo. Yalifikaje? Kuna mtu aliyabeba, akamfundisha mtu, naye akamfundisha mwingine.

Ba Kathir alirudi Unguja, akaendelea kusomesha, na darsa zake zikazaa madrasa ya Ukutani inayobeba jina lake mpaka leo. Alifariki mwaka 1925. Bin Sumayt naye alifariki mwaka huo huo.

Likizo iliyopita nilimtembelea mwalimu wetu wa chuoni, ambaye sasa anaishi Pemba kama maelfu ya watu wetu waliohama. Vitabu vyake vilibaki kule. Nilimpa mkono, nikakaa, nikamwambia: "Shehe, naomba uniambie nani alikusomesha." Alinitazama sana, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza. Akataja jina la kwanza, na mji. Akataja la pili. La tatu alilikumbuka nusu, akaniambia nirudi kesho, amuulize mzee mwenzake.

Nilirudi kesho yake na daftari.