Samaki wa Kioo na Ila Iliyofichika

Katika miji yetu ya pwani imeenea ada ya kuweka samaki wadogo wa rangi ndani ya matangi ya kioo, majumbani na madukani. Jambo hili kwa asili yake halina ubaya. Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, alikuwa mtoto mwenye kijindege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza, bali kilipokufa alimliwaza. Wanavyuoni wakachukua hapo ruhusa ya kumweka mnyama kwa kujifurahisha, kwa sharti ya kumlisha na kutomtesa.

Lakini biashara ya samaki hawa ina mlango mmoja wa madhara ambao wengi huuingia bila ya kujua, nao ni kununua samaki mgonjwa kwa kumdhania mzima. Fedha hupotea, kiumbe hufa kwa mateso, mtoto hulia, na muuzaji na mnunuzi huachana kwa kutuhumiana. Kwa hivyo tumeona somo letu liwe juu ya mambo matatu: kumjua samaki mgonjwa kabla ya kumnunua, wajibu wa mnunuzi baada ya kumnunua, na haki iliyo baina ya wawili hao.

Jambo la kwanza: kumjua mgonjwa

Tujue kwanza ya kuwa samaki hawa hufika dukani wakiwa wamechoka. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, ambako watu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 1000. Na yule mdogo mwenye mkia wa rangi aitwaye gapi asili yake ni Trinidad na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Wengi wauzwao leo duniani hukuzwa katika mashamba ya samaki ya Asia, kisha husafirishwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyotiwa maji kidogo na oksijeni. Safari, msongamano na kubadilika kwa maji huwadhoofisha, na mwili ukidhoofika maradhi hupata njia.

Basi aingiapo mtu dukani asikimbilie kuchagua rangi. Na asimame kwanza atazame, kwani samaki hana sauti ya kulalamika ila ishara zake ni wazi kwa mwenye kutazama. Samaki mzima huogelea sawasawa, hukunjua mapezi yake, na huja mbio akitiwa chakula. Mgonjwa hubana mapezi mwilini, hujitenga pembeni, au hukaa juu ya maji akitweta. Mwengine hujisugua katika mawe kwa sababu ya muwasho. Tumbo lililobonyea, macho yaliyotoka nje, magamba yaliyosimama mfano wa miba, mapezi yaliyochanika na kuoza ncha, na utando mweupe mdomoni mfano wa pamba, zote hizi ni ila.

Tena asimtazame samaki mmoja tu. Na atazame tangi zima, na matangi ya jirani. Katika maduka mengi maji huzungushwa na pampu moja kutoka tangi hili hata lile, na wavu mmoja hutumika kwa yote. Basi akiona maiti ndani ya tangi, hata kama samaki aliyemtaka anaogelea vizuri, ni bora aondoke mikono mitupu. Na amwombe muuzaji awalishe mbele yake, na amwulize wamefika lini. Waliofika jana au juzi hawajapata muda wa kudhihirisha ugonjwa wao, na muuzaji mwema hukubali kumwekea mteja samaki wake kwa wiki moja kabla ya kumkabidhi.

Na tutoe mfano wa ugonjwa mmoja ulio mashuhuri, yaani madoa meupe. Samaki huonekana kama aliyenyunyiziwa chembe za chumvi. Kila doa ni kimelea kidogo kilichojificha chini ya ngozi. Kikishakomaa hutoka, hushuka chini ya tangi, hujifunika, kisha hujigawa mpaka kikatoa watoto mamia. Watoto hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi hufa. Katika maji ya joto la nyuzi 25 duru hii hutimia kwa muda wa wiki moja au chini yake. Dawa huviua vimelea vinapokuwa majini tu, wala haivifikii vilivyo ndani ya ngozi. Ndiyo sababu mtu hutia dawa siku moja, akaona madoa yametoweka, akaacha. Na baada ya siku chache samaki wote wakawa weupe. Ngozi kuonekana safi si dalili ya kupona.

Jambo la pili: wajibu wa mnunuzi

Mnunuzi hana haki ya kumlaumu muuzaji kabla hajajitazama yeye mwenyewe. Samaki wengi waliotoka dukani wazima hufa nyumbani kwa sababu ya tangi jipya. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake na kwa uchafu wake, na amonia ni sumu. Katika tangi lililokwisha kukomaa, bakteria wema waliomo katika changarawe na kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hawa huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuzaana vya kutosha. Basi mwenye kununua tangi asubuhi na samaki kumi jioni, kisha akawaona wanakufa siku ya nne, huenda ikawa yeye ndiye aliyewaua. Na bakuli dogo la kioo lisilo na kichujio ni jela kwa samaki wa dhahabu, kwani mwili wake hukua na uchafu wake ni mwingi.

Maji nayo yana hukumu yake. Maji ya mfereji hutiwa klorini, nayo huunguza matamvua. Yataka yatiwe dawa ya kuiondoa, au, ikiwa ni klorini tupu, yaachwe wazi katika chombo kipana kwa siku nzima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na si kila samaki wa maji baridi huistahimili.

Samaki mpya, hata akionekana mzima, asichanganywe na wa zamani mara moja. Na atengwe katika chombo chake, chenye kichujio na wavu wake, kwa muda wa wiki mbili mpaka nne. Mfuko aliokuja nao uelezwe juu ya maji kwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane, kisha atiliwe maji mapya kidogo kidogo. Mwisho atolewe kwa wavu, na yale maji ya dukani yamwagwe nje, yasiingie tangini. Na mwenye kidonda mkononi asitie mkono ndani ya tangi, kwani kuna bakteria ya samaki inayoweza kumwingia mtu kwa mkato wa ngozi ikamletea vivimbe vya miezi mingi, na dawa yake ni kwa daktari.

Jambo la tatu: haki baina ya wawili

Muuzaji anayeijua ila ya bidhaa yake ni wajibu kwake kuieleza, wala haimfalii kuficha. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya chakula, akaona umajimaji ndani, akamlaumu mwenye nacho kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Basi yule anayewaondoa maiti alfajiri ili wateja wasiwaone, au kutia dawa ya rangi majini ili madoa yasidhihiri, hana tofauti na aliyefunika chakula kilichorowa.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, naye hakuijua, ana hiari ya kurudisha, lakini ni lazima afanye haraka. Mwenye kuiona ila kisha akanyamaza bila ya udhuru, hiari yake imepotea. Na samaki akifa kwa ugonjwa aliokuja nao, mauzo hayavunjiki, bali mnunuzi hupewa tofauti ya thamani iliyo baina ya mzima na mgonjwa. Na wakishindana kama ila ni ya zamani au ni mpya, na hakuna dalili, neno ni la muuzaji pamoja na kiapo chake. Hapo ndipo ionekanapo faida ya kutazama kabla ya kulipa, na ya kuyapima maji ya nyumbani: asiye na dalili hana dai.

Limebaki neno moja. Wako watu wenye huruma ambao humnunua samaki mgonjwa kwa makusudi, ili wamwokoe. Nia yao ni njema, lakini fedha yao humfahamisha muuzaji kwamba wagonjwa nao wana soko, naye huagizia wengine kwa njia ile ile. Huruma iliyo bora ni kumnasihi muuzaji faraghani kwa maneno laini, na kununua kwake siku atakapotengeneza matangi yake. Wala mtu asimtupe samaki aliyemchoka mtoni au ziwani, kwani maradhi yake yatawafikia samaki wa huko ambao hawakununuliwa na yeyote.

Duka la samaki hutengenezwa na wateja wake. Wakiwa hawatazami wala hawaulizi, mwenye duka husahau. Na wakitazama na kuuliza kwa adabu, mwaminifu hupata faida na mdanganyifu hulazimika kujirekebisha. Wallahu aalam.