Umeme Ndani ya Kebo ya Mtandao

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi, lakini kamati yetu imenituma kulinganisha bei za kamera na vifaa vya waifai vya msikiti wa chuo. Fedha ni michango yenu, nayo ni amana. Basi nieleze nilichojifunza kabla haijatumika.

Kwanza, maana. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Mfumo uitwao PoE hupitisha data na umeme katika kebo hiyo hiyo, hivyo kamera ya mlangoni haihitaji soketi yake.

Je, data haiharibiki? La. Kifaa husoma data kwa kupima tofauti ya volti kati ya nyaya mbili za jozi. Umeme huzipandisha zote mbili kwa kiasi kimoja, kwa hiyo tofauti hubaki ile ile.

Pili, usalama. Swichi huanza na volti chache tu, ikitafuta rezista ya kiloomu 25 ndani ya kifaa. Ikiikuta, hutoa takriban volti 48, isipoikuta, haitoi. Ndiyo maana kompyuta ya kawaida haiungui ikichomekwa. Lakini zipo adapta rahisi zisizofuata kiwango cha IEEE. Hizo husukuma umeme bila kuuliza.

Tatu, kiasi. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa wati 15.4, na kifaa huhakikishiwa 12.95, zinazopungua hupotea njiani kama joto. Kile cha 2009 hutoa wati 30, na cha 2018 hufika 90. Kebo isizidi mita 100, na iwe ya shaba tupu, kwani alumini iliyopakwa shaba hupoteza zaidi.

Angalia pia jumla. Swichi yenye matundu manane na wati 65 haiwezi kulisha kamera nane za wati 12, kwa sababu zinahitaji 96.

Faida kubwa kwetu ni hii: umeme ukikatika, betri moja kwenye swichi huendesha kamera zote.

Basi muuzaji tumuulize matatu: Inafuata kiwango kipi? Jumla ya wati ni ngapi? Kebo ni shaba tupu? Akishindwa kujibu, tusitoe fedha.