SOMO LA WANACHAMA: USHIRIKA WA SINDANO NA UZI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia mizani, stakabadhi za mazao na hesabu za ghala. Safari hii yafaa tutazame ushirika wa namna nyingine, usio na kahawa wala tumbaku ya kupimwa. Mali yake ilikuwa sindano, uzi na vipande vya nguo kuukuu. Katika vyama vyetu wamo wanachama, hasa kina mama, ambao hushona, husuka mikeka na kufuma vitambaa. Mara nyingi kazi hizo huhesabiwa kuwa za kupitisha muda, wala hazionekani katika vitabu vya chama. Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba zaweza kuwa msingi wa chama kamili, na kwamba hudai uangalifu ule ule unaodaiwa na zao lolote.

1. Chama Chenyewe

Chama tutakachojifunza kwacho kiliitwa Freedom Quilting Bee. Kiliundwa mwezi Machi 1966 katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Neno la mwisho katika jina hilo lina maana mbili kwa Kiingereza: ni nyuki, na pia ni mkusanyiko wa watu wanaofanya kazi moja kwa pamoja, yaani ujima. Wanachama wake walikuwa wanawake weusi wa vijijini, na kazi yao ilikuwa kushona mablanketi ya viraka.

Blanketi la viraka lina matabaka matatu. La juu ni vipande vya nguo vilivyokatwa na kuungwa kwa mchoro; la kati ni pamba; la chini ni kitambaa kizima. Matabaka hayo hutandazwa juu ya fremu ya mbao, kisha hushonwa pamoja kwa sindano ili pamba isihame. Kwa desturi, kuunga viraka ni kazi ya mtu mmoja nyumbani kwake. Kushona kwenye fremu ni kazi ya watu kadhaa, kila mmoja akikaa upande wake. Hivyo wanawake hao walikuwa wamezoea kushirikiana kabla ya kusikia habari za masharti, hisa au mkutano mkuu. Kilichokosekana kilikuwa soko na chombo cha kuwaunganisha.

2. Hali Iliyozaa Chama

Hapana budi kuelewa mazingira ya watu hao. Wengi walikuwa wakilima pamba katika ardhi ya watu wengine. Mwanzoni mwa mwaka 1965 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura katika wilaya ya Wilcox, ingawa watu weusi ndio waliokuwa wengi. Sheria ya haki ya kupiga kura ilipitishwa nchini humo mwezi Agosti 1965. Waliothubutu kujiandikisha waliweza kufukuzwa katika nyumba na mashamba ya matajiri wao.

Mwezi Desemba 1965 kasisi wa Kanisa la Episkopali, Francis X. Walter, alikuwa akipita vijijini akikusanya habari za watu walioonewa kwa namna hiyo. Akaona mablanketi ya viraka yameanikwa kwenye kamba, akavutiwa na rangi na michoro yake. Akaanza kuyanunua kwa dola 10 kila moja, na mwaka 1966 yakauzwa kwa mnada mjini New York. Fedha zilizopatikana zilirudi kwa washonaji, nao wakaunda chama chao. Estelle Witherspoon, mkazi wa huko huko, akawa kiongozi wao kwa miaka mingi.

Zingatieni jambo hili. Mgeni alifungua mlango wa soko, lakini uongozi ulikaa mikononi mwa wanachama. Chama kinachosimama kwa miguu ya mfadhili huanguka mfadhili anapoondoka. Mwaka 1967 chama hicho kilijiunga pia na vyama vingine vya kusini kuunda Federation of Southern Cooperatives, shirikisho la vyama vya ushirika. Hivyo hakikubaki peke yake porini.

3. Ardhi kwa Waliofukuzwa

Jirani na hapo kipo kijiji cha Gee's Bend, kilichozungukwa na mto Alabama pande tatu. Mwaka 1932 familia zipatazo 60 za kijiji hicho zilinyang'anywa mifugo, zana na hata chakula, kwa sababu ya deni la mfanyabiashara aliyekuwa amefariki. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilinunua shamba kubwa la hapo, na katika miaka ya 1940 familia nyingi ziliuziwa viwanja kwa mkopo. Matokeo yake yalionekana miaka 20 baadaye. Mwenye ardhi yake aliweza kujiandikisha kupiga kura bila kuhofia kutupiwa vyombo nje. Asiye na ardhi hakuwa na kinga hiyo.

Washonaji walilielewa somo hilo. Chama kilinunua ekari 23 ili kujenga jumba la kushonea, lililokamilika mwaka 1969 na kupewa jina la Martin Luther King. Hawakujenga jumba tu. Viwanja vinane katika ardhi hiyo waliviuza kwa familia zilizokuwa zimefukuzwa kwa sababu ya kudai haki zao. Baadaye kikawapo pia kituo cha kulelea watoto wakati mama zao wakiwa kazini.

Mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliorodhesha misingi saba ya ushirika, na wa saba ni kuijali jamii. Makatibu wengi huusoma msingi huo kama pambo la hotuba. Kwa washonaji wa Alabama ulikuwa ekari, hati na paa la nyumba.

4. Kipimo na Hasara Iliyojificha

Mwishoni mwa miaka ya 1960 duka kubwa la Bloomingdale's la New York lilianza kununua mablanketi ya chama. Hapo wanachama walikutana na jambo geni. Nyumbani kila mama alishona alivyopenda, kwa nguo alizokuwa nazo. Duka lilitaka urefu ule ule, upana ule ule na mchoro ule ule kwa kila blanketi. Ilibidi wajifunze kupima, kukagua, na kufumua mshono usiofaa.

Tuone sababu kwa hesabu ya mfano. Tuseme kikundi cha chama chenu kimepata oda ya mablanketi 40, bei sh. 60,000 kila moja. Gharama za kila blanketi ni hizi: vitambaa, pamba na uzi sh. 22,000, ujira wa mshonaji sh. 25,000, ufungaji na usafiri sh. 3,000. Jumla ni sh. 50,000. Kwa mablanketi 40, gharama ni sh. 2,000,000 na mapato ni sh. 2,400,000. Ziada ni sh. 400,000.

Sasa tuseme mnunuzi amekataa mablanketi 6 kwa kuwa ni mafupi. Mapato yashuka hadi sh. 2,040,000, ilhali gharama haikushuka hata shilingi. Ziada ni sh. 40,000. Akikataa 7, mapato ni sh. 1,980,000, na chama kimepata hasara ya sh. 20,000. Basi kazi mbovu ya watu wachache imekula jasho la wote. Yaliyokataliwa yaweza kuuzwa mnadani kwa bei ndogo, lakini chama hakiwezi kupanga maisha yake kwa mabaki.

Kwa hiyo kamati ya ubora si kamati ya kuwatafuta watu makosa. Ni ukuta unaowalinda wanachama. Kila kipande kikaguliwe kabla ya kulipiwa ujira, na jina la mshonaji liandikwe katika daftari la mapokezi.

5. Mnunuzi Mmoja Mkubwa

Mwaka 1972 chama kilipata mkataba na kampuni ya maduka ya Sears, wa kushona foronya za mito kwa kitambaa cha kodrai. Kazi hiyo ilileta mshahara wa uhakika katika wilaya maskini. Wanawake waliowahi kuchuma pamba kwa ujira mdogo sasa walikaa kwenye cherehani ndani ya jengo lao wenyewe. Mabaki ya kodrai waliyabeba nyumbani, nayo yakazaa mablanketi mapya ambayo leo yanasifiwa sana.

Hata hivyo, mkataba wa namna hiyo una pande mbili. Chama chenye mnunuzi mmoja hufanana na mkulima mwenye mti mmoja. Mnunuzi akibadili mtindo, chama hubaki na mashine na mikono mitupu. Wanachama hawana kosa kupokea oda kubwa. Kosa ni kuacha masoko madogo yaliyokuwapo tangu mwanzo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katibu aone mapema: kama zaidi ya nusu ya mauzo ya mwaka yanakwenda kwa mnunuzi mmoja, suala hilo liletwe mbele ya bodi na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

6. Hatima ya Chama, na Mali Ambayo Haikuandikwa Vitabuni

Kadiri miaka ilivyopita oda zilipungua, waasisi wakazeeka, na vijana wengi hawakuingia. Chama kilifungwa mwaka 2012, baada ya kuishi miaka 46. Si umri mdogo kwa chama cha ushirika, wala hatuwezi kusema kilishindwa. Lakini kufungwa kwake kwatufundisha kwamba orodha ya wanachama yahitaji kupaliliwa kama shamba. Chama kisichoandikisha vijana kwa miaka kumi mfululizo kinakula mbegu yake.

Lipo na jambo la pili. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, kisha New York. Yaliyowashangaza watu hayakuwa yale ya oda, yenye kipimo kimoja. Yalikuwa yale yaliyoshonwa nyumbani kwa ajili ya watoto kujifunika, kwa suruali za kazi zilizochakaa na mabaki ya kodrai, kila moja likiwa na mchoro wa akili ya mshonaji wake. Mwaka 2003 wanawake wa kijiji hicho waliunda umoja wao mpya wa kuuza kazi zao, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mablanketi hayo.

Pamoja na sifa yalikuja mabishano. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi mahakamani kuhusu malipo na haki za matumizi ya michoro yao. Kesi hizo zilimalizika mwaka 2008. Si kazi yetu hapa kuamua nani alikuwa na haki. Funzo letu ni kwamba mchoro ni mali. Anayenunua blanketi amenunua blanketi. Hakununua ruhusa ya kuchapa mchoro wake kwenye vikombe na mazulia. Ruhusa hiyo ina bei yake, na yapasa iandikwe katika mkataba kabla ya wino kukauka.

7. Mambo ya Kutekeleza Chamani

Kwa makatibu wa vyama vyenye vikundi vya ushonaji, ususi au ufumaji, mambo yafuatayo yafaa yaanzwe bila kungoja msimu ujao:

(a) Fungueni daftari la mapokezi ya kazi lenye tarehe, jina la mshonaji, aina ya kazi, kipimo, na sahihi ya mkaguzi wa ubora.

(b) Pigeni hesabu ya gharama ya kipande kimoja, ujira ukiwamo. Mwanachama asiyejilipa ujira hajui kama anauza au anagawa.

(c) Wekeni kazi za aina mbili: za oda, zenye kipimo kimoja, na za mshonaji mwenyewe, zenye mchoro wake. Zisichanganywe katika bei.

(d) Pigeni picha kila mchoro mpya na kuandika jina la aliyeubuni.

(e) Katika kila mkataba kiwemo kifungu kinachosema mchoro ni wa nani.

(f) Kila mshonaji mzoefu apewe kijana mmoja wa kumfundisha, na maendeleo yake yasomwe katika mkutano mkuu.

Maswali ya Kujadili

1. Katika chama chenu, ni kazi zipi za mikono ambazo hazijawahi kuandikwa katika vitabu vya hesabu? Kwa nini?

2. Rudieni hesabu ya sehemu ya 4 kwa bei za sokoni kwenu. Ni vipande vingapi vikikataliwa ndipo ziada inapokwisha?

3. Chama cha Alabama kiliuza sehemu ya ardhi yake kwa familia zilizofukuzwa. Mwanachama mmoja anasema fedha za ushirika si za kusaidia wenye shida. Mngemjibu nini?

4. Hesabuni wanachama wenu wa umri chini ya miaka 35. Kwa hesabu hiyo, chama chenu kitakuwa na watu wangapi baada ya miaka 20?

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili kwa sauti katika mkutano wa wanachama, na kuandika majibu ya swali la 2 na la 4 katika kumbukumbu, ili mkaguzi atakapofika ayakute.