Mtoto Anaonewa Shuleni: Mshauri Nasaha Anajibu Barua za Simiyu

Barua kadhaa kutoka Somanda, Maswa na Mwanhuzi: Tukilalamika, tunaambiwa watoto wanataniana tu. Sisi Wasukuma si watu wa utani?

Hili tulimalize leo. Msukuma na Mzaramo hutaniana hata msibani kwa kuwa kila mmoja ana ruhusa ya kujibu na hakuna anayemwogopa mwenziwe. Babu humwita mjukuu "mke wangu", mjukuu naye humcheka kwa mapengo yake. Sasa niambieni: mtoto wa darasa la tatu anayenyang'anywa michembe yake kila siku na jitu la darasa la saba, atamjibu nini? Na mwenye ualbino anayeitwa "dili", huku Kanda ya Ziwa ambako wenzake wameuawa na kukatwa viungo, hapo utani uko wapi? Hicho ni kitisho. Anayetaniwa akicheka, na kesho akaanza yeye, waacheni. Akianza kuzunguka njia ya mbali, kupoteza madaftari na kuumwa tumbo kila Jumatatu, anaonewa. Mwalimu anayesubiri aone damu amechelewa.

Binti yangu hataki shule, usiku analia. Mganga anasema katupiwa jini, anataka mbuzi.

Mbuzi abaki zizini. Muulize mtoto anakaa dawati moja na nani na anarudi na nani. Ramli itakutajia jirani, ugomvi uanze, na anayemwonea binti yako aendelee. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Ninyi ndio mnaowaweka mjini.

Nimfundishe kupigana?

Hapana.

Mwonevu achapwe mbele ya paredi?

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinataka viboko visizidi 4, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Mimi hata hivyo vinne sivitaki. Aliyechapwa asubuhi hulipiza jioni njiani, mwalimu akiwa hayupo. Aitwe na mzazi wake, arudishe alichochukua, asimamiwe wiki hadi wiki. Mara nyingi utakuta kwao naye ni mtu wa kupigwa.

Mwalimu mkuu hanisikilizi.

Nenda kamati ya shule, kisha kwa afisa elimu kata. Kama kuna kipigo, vitisho au kushikwashikwa, usipite huko kote: nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundisheni leo.